Nani anakula luku yetu? Kisa cha nyumba ya vyumba sita

Mimi ni fundi umeme wa mtaani. Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, wenye nyumba za kupangisha, na watu wa miradi ya nishati wanaokuja mitaani kwetu na majiko mapya. Majina sikuyaweka, mtaa sikuutaja, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadilisha. Hesabu za umeme sikuzigusa.

## Nyumba na watu wake

Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, Dar es Salaam upande wa Temeke. Vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, baraza mbele, uani nyuma penye bomba, bafu, choo na majiko. Mita ya luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ni moja tu, imekaa ukutani karibu na mlango wa mbele, kila anayeingia anaiona.

Vyumba viwili vya mbele ni vya Bibi, mwenye nyumba, mjane anayeishi na wajukuu wawili. Chumba cha tatu yuko mama mmoja na mumewe na watoto wao. Anauza barafu na juisi ya ukwaju, na nyumba nzima inamwita Mama Friji, nami nitamwita hivyohivyo. Cha nne wapo vijana wawili wamachinga wenye televisheni kubwa na sabufa kubwa zaidi. Cha sita yuko mzee mstaafu, peke yake, ana redio, taa moja na ugonjwa wa kisukari. Chumba cha tano kilikuwa wazi mpaka Juni 2023, akahamia dada mmoja muuzaji wa duka la dawa ambaye hurudi kazini saa tatu usiku.

Mchango wa luku ulikuwa shilingi 20,000 kila kaya, kila tarehe moja, Bibi akiwemo. Mama Friji alitoa 30,000 kwa sababu ya friji. Jumla 110,000. Mzee ndiye aliyekusanya, akanunua, akaandika kwenye daftari lake la kaunta, mwandiko wa mtu aliyefanya kazi ofisini. Kwa bei ya daraja la matumizi ya kawaida, T1, uniti (kilowati-saa moja) ilikuwa shilingi 292, na ukiongeza VAT na zile asilimia za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) ilifika 356. Toa kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi, 1,500, unabaki na uniti kama 304. (Kodi hiyo kwa haki ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni anayenunua luku. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo mbele ya Bibi.)

Nyuma ya mlango wa mbele palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa maka: MARUFUKU JIKO LA UMEME, HITA, JAGI LA KUCHEMSHIA MAJI. Karatasi hiyo iliandikwa na marehemu mume wa Bibi, wakati majiko ya umeme yaliyokuwa mitaani ni yale ya koili nyekundu ambayo kweli yalikula umeme kama moto wa kifuu. Friji haikuandikwa. Taa haikuandikwa.

## Mambo yalivyoanza

Dada alihamia na jiko la presha la umeme la lita sita, wati 1,000. Alilipata kwa mkopo wa kazini. Alipika ndani ya chumba chake usiku, wakati wenzake wamekwisha kula.

Hapo inabidi nieleze uani palivyo jioni. Majiko ya mkaa yanapangwa manne matano ukutani. Anayewasha wa kwanza ndiye mwenye moto, na wengine huja na koleo kuomba kaa moja la kuwashia. Anayepita unampungia mkono, unamwambia karibu, naye anajibu asante, hata kama sufuria ina mchicha mtupu. Kila mtu anajua mwenzake leo kapika nini, jana alikosa nini. Dada hakuomba moto, hakutoa moto, hakukaribisha mtu. Kilichofika uani kutoka kwake ni harufu ya maharage saa nne usiku na sauti ya mvuke ikitoka kwa kufoka.

Julai luku iliyozoea kufika tarehe 29 ikakata tarehe 26. Agosti, tarehe 25. Mita ilipoanza kulia usiku kuashiria uniti zinakwisha, mlio ulisikika nyumba nzima, na nyumba nzima ikatazama mlango wa chumba cha tano. Hakuna aliyemwambia kitu kwa wiki kadhaa. Alisemwa tu, kwa ile namna ya kusemea pembeni: mama mmoja anamkemea mtoto wake kwa sauti, “Zima hiyo taa, wengine hapa wanapikia umeme wetu!”

Septemba kikaitishwa kikao uani. Bibi alikuwa na adabu zake. Hakumtaja Dada, alisoma ile karatasi tu. Dada akasema, “Sawa Bibi, nimekuelewa,” akaliweka jiko juu ya kabati, akanunua jiko la mkaa.

Na kweli, Septemba luku ilifika mwisho wa mwezi. Oktoba ikavuka, ikabakiza uniti kadhaa. Nyumba ikahitimisha: jiko ndilo lilikuwa linatula.

Ila Septemba hiyohiyo ndipo mgao wa umeme ulipoanza nchini. Kuna siku umeme ulikatika kwa saa nane, kuna siku kwa saa kumi na mbili. Friji ilizimika, feni zilizimika, sabufa ilinyamaza. Mita haikuwa na kitu cha kuhesabu. Watu walilalamikia mgao asubuhi, na jioni wakasifu marufuku ya jiko kwa kuokoa umeme, midomo ileile.

## Novemba: kipimo ambacho hakikumshawishi mtu

Niliitwa na Dada. Alitaka nimfungie sabmita, mita ndogo ya kupima umeme wa chumba kimoja, yake peke yake. Nikamwambia kwanza tupime, kwa sababu nina kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachosoma wati na uniti.

Tulilishusha jiko tukalileta uani Jumapili mchana, watu wote wakiwepo. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, maji, chumvi baadaye. Dakika hamsini na kitu mpaka kuiva. Kipimo kilisoma uniti 0.45, yaani shilingi 160. Mkaa wa kuivishia maharage yaleyale, kwa kopo walilokuwa wananunua, ulizidi shilingi elfu moja.

Sababu ni nyepesi kwa anayejua chombo kile. Maji yakishafika joto la presha kinazima chenyewe, kinawaka kwa vipindi vifupi tu kulinda joto, na pembeni kimefunikwa kisipoteze. Jiko la mkaa joto lake jingi linakwenda hewani. Koili ya zamani nayo inawaka mwanzo mpaka mwisho. Anayeliweka jiko la presha kwenye kundi moja na koili kwa kuwa vyote vinachomekwa ukutani, anafanana na anayesema bodaboda na lori ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vinanywa mafuta.

Mfano huo niliutoa palepale uani. Nilijiona hodari.

Bibi akaniangalia akasema, “Mwanangu, maharage yanamaliza saa mbili motoni, wewe unaniambia yanakula mia na sitini? Na nani kakulipa kuja hapa?”

Nilikuwa nimelipwa na Dada. Kipimo changu, hata kama kingekuwa cha maabara, kilikuwa kipimo cha upande mmoja. Hilo ni kosa langu la kwanza katika kisa hiki, na nimeliona kwa mafundi wengi: tunadhani namba haina mwenyewe.

Nikapima na friji kwa siku tatu ambazo umeme haukukatika: uniti 2.9 kwa siku, yaani 87 kwa mwezi, shilingi elfu thelathini na moja. Ni friji la mtumba la milango miwili, na mpira wa mlango ulikuwa umechoka, ukiweka karatasi inadondoka yenyewe. Jiko la Dada, kwa mapishi yake, lingekuwa uniti kumi kwa mwezi.

Nilipozisoma namba hizo kwa sauti Mama Friji alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. “Friji hili ni langu peke yangu? Maziwa ya wajukuu wa Bibi yanalala wapi? Dawa ya Mzee inalala wapi?” Mzee alikuwa akihifadhi insulini yake humo tangu aanze kuchoma sindano. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka, nikiwa nimeongeza ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza.

## Uamuzi wa sabmita

Desemba Mzee alinipigia simu. Kila chumba kifungiwe sabmita, kila mtu alipe anachotumia, na kinachobaki kigawanywe kwa watano. Marufuku ya jiko iondoke, kwa kuwa anayelichomeka atalilipia mwenyewe.

Sababu zao hazikufanana. Vijana walitaka kwa kuwa waliamini wanaonewa (hawakuwa wanaonewa). Dada alitaka jiko lake. Mama Friji alikubali kwa hasira, ili aonyeshe kwamba friji yake haili kama inavyosemwa. Bibi alikubali kwa sababu Mzee alisema. Mzee mwenyewe sikumwuliza sababu, nikadhani ni uchovu wa kusuluhisha.

Njia nyingine iliyojadiliwa ni kila chumba kuwa na luku yake kabisa. Ilikufa haraka. Gharama ya kuunganishwa mjini, kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka nguzo, ilikuwa shilingi 320,960 kwa mita moja. Mpangaji anayeweza kuhama baada ya miezi sita hawezi kuzika fedha hiyo kwenye ukuta wa mtu, na Bibi hakuwa nayo mara tano.

Nilifunga sabmita tano kwenye ubao mmoja koridoni, kila moja na namba ya chumba kwa kalamu. Nilitumia siku mbili. Nyaya za nyumba ile zimepita juu ya dari bila mpango, na taa za nje zilitoka moja kwa moja kwenye swichi kuu. Niliziacha hivyohivyo. Hilo lilikuwa kosa la pili.

## Januari: uniti zisizo na mwenyewe

Mwisho wa Januari 2024 Mzee alisoma ubao, akaandika:

Chumba 1 na 2 (Bibi): 44
Chumba 3: 89
Chumba 4: 42
Chumba 5: 28
Chumba 6: 5
Jumla: 208
Mita kuu: 271

Uniti 63 hazikuwa na mtu. Zaidi ya shilingi elfu ishirini na mbili zimeliwa na hewa. Kwa siku chache ilisemwa kwamba Mzee ndiye aliyezila, kwamba miaka yote daftari lile lilikuwa na tundu. Mtu mmoja akatamka neno hilo akiwa amesimama mlangoni pake.

Nilirudi usiku. Nikazima sabmita zote na taa za korido, uani na choo, nikasimama mbele ya mita kuu kuangalia kile kitaa chekundu kinachopigapiga. Mita ile imeandikwa mapigo 1,000 kwa uniti. Kilipiga mara tano ndani ya dakika mbili. Ukikokotoa, kuna kitu kinavuta wati 150 na nyumba nzima ipo gizani.

Nikatoka nje. Baraza lilikuwa jeupe kama mchana.

Ni taa ya halojeni aliyoifunga marehemu, inaelekea barabarani. Ikiwaka kwa saa kumi na mbili kila usiku inakula uniti 54 kwa mwezi, zaidi ya elfu kumi na tisa kwa bei ile. Mara tano ya jiko la Dada. Chini yake vijana wa mtaa hucheza bao na drafti, asubuhi kabla ya alfajiri Bibi hukaanga vitumbua, na mtu anayetafuta nyumba huelekezwa kwa taa hiyo.

Lakini taa ilikuwepo miaka yote. Kwa nini luku ianze kukata mapema Julai 2023? Mzee ndiye aliyelipata jibu, akiwa amekaa kitandani mguu juu ya stuli. Zamani kila usiku alikwenda kijiweni kunywa kahawa, akirudi saa sita anabonyeza swichi ya taa ya baraza kabla ya kufunga mlango. Hakuna aliyemtuma. Juni ile kidonda cha mguu kilimzuia kutoka. Taa ikaanza kulala inawaka, uniti 27 zikaongezeka kwa mwezi, na katika wiki hizohizo akahamia binti mwenye jiko la umeme.

## Taa ya marehemu

Mimi niliona kazi rahisi: toa halojeni, weka LED ya wati 20, mwanga uleule. Niliinunua mwenyewe. Bibi aliiangalia usiku mmoja, asubuhi akanitumia mjukuu kuniambia nije kuirudisha taa ya babu. LED ile ilikuwa nyeupe, na yeye alisema ni mwanga wa wodini. Tena nyumba ambayo mbele pana taa ya namna ile inaonekana kama imefiwa leo.

Sikubishana. Nikampa njia tatu: LED ya rangi ya manjano, kuizima saa sita kama zamani, au kuihamishia kwenye sabmita yake. Alichagua ya tatu, na kwa hiari yake akaichanganya na ya pili. “Taa ni yangu. Mtu asitoe hata senti kwa taa ya mume wangu.” Sasa anaizima mwenyewe anapoamka usiku, na inamgharimu karibu 9,600 kwa mwezi. Ile ya manjano hajaikubali mpaka leo.

## Matokeo mpaka Juni 2024

Friji. Mama Friji alipoona 89 kwenye namba yake, fedha anayotoa ikiwa imetoka 30,000 na kukaribia 32,000, kabla ya fungu lake la zile uniti 63, katika mwezi uliojaa mgao, alibadili mpira wa mlango ndani ya wiki tatu. Mpira huo alijua umechoka kwa miaka miwili. Februari mwishoni mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha, mgao ukalegea, na friji iliyokuwa inakula 2.9 kwa siku ikawa inakula 1.9.

Jiko. Lilirudi kutumika, kwanza ndani ya chumba vilevile. Ramadhani ilipoingia katikati ya Machi, Dada alianza kulitoa uani kwa waya nilioufunga vizuri kwenye soketi ya nje, kwa sababu chumbani palikuwa na joto. Hakuwa na nia ya kufundisha mtu. Siku ya nne Mama Friji alimletea kunde. Wiki ya pili palikuwa na foleni: sufuria moja ya maharage au kunde shilingi 300, umeme ukiwa juu ya Dada. Hakuna aliyekuja kuomba kaa la moto kwake, lakini walikuja na bakuli, na hiyo ilitosha kuwa sababu ya kusimama kwake wakaongea.

Ugali na wali wa nazi vilibaki kwenye mkaa. Nilimwuliza Bibi kama ataujaribu wali kwenye presha, akacheka. Wali wa nazi unapaliwa: maji yakikauka unaweka makaa juu ya mfuniko na kuacha kidogo chini, ukauke kutoka juu. Presha haina pa kuweka makaa. Watu wa miradi huliita jambo hili ukaidi wa walaji, mimi naliona ni ufundi. Kilichohamia kwenye umeme ni vile vya kuchemka muda mrefu visivyohitaji mkono wa mpishi, na bahati nzuri ndivyo vilivyokuwa vinamaliza mkaa.

Umeme wa wote ukashuka kutoka 63 hadi kama 15 kwa mwezi, taa za korido, uani na choo pamoja na kutolingana kwa sabmita za bei nafuu. Taa ya choo bado ina kesi. Watoto wa chumba cha tatu wanakwenda na tochi ya simu, kwa amri ya mama yao, kwa kuwa “vijana ndio wanaoiacha.”

Na Mzee.

## Uchambuzi

Uniti tano. Huo ndio umeme aliotumia Mzee Januari, shilingi 1,780, naye alikuwa akitoa 20,000 kila mwezi na kushika daftari lenye hesabu hiyo. Nilipomwuliza kama hakujua, alisema alijua tangu mwaka wa kwanza. “Ile elfu ishirini ilikuwa inanilipia na friji,” akasema, “na mtu wa kunigongea mlango asubuhi nisipofungua.”

Nilipolisikia hilo ndipo nilipoelewa nilichokifunga kwenye ule ubao wa korido. Mchango sawa kwa sawa haukuwa bei ya umeme. Mzee alimlipia Mama Friji, Mama Friji akamhifadhia dawa na kugandisha maji ya mtu yeyote aliyeomba, Bibi akawasha taa iliyolipiwa na wote na wote wakaitumia. Hakuna aliyeyaandika makubaliano hayo, ndiyo maana hakuna aliyeyataja kwenye kikao tulipoyavunja. Baada ya sabmita Mama Friji alianza kutoza shilingi 200 kwa chombo, na Mzee akatajiwa 2,000 kwa mwezi. Kwa hesabu alikuwa bado amefaidika sana. Hakulipa. Alitoa dawa yake akaiweka kwenye mtungi wa udongo wenye maji, njia ya zamani inayosaidia kwa kiasi fulani, katika jiji la joto la Machi.

Kipimo kilifanya kazi pale ambapo mhusika mmoja alikuwa na chombo kimoja na uwezo wa kukirekebisha. Mpira wa friji ni mfano safi, hakuna hotuba ingeubadilisha. Kilishindwa pale ambapo matumizi hayakuwa ya mtu. Na kabla ya hapo kilishindwa kabisa kwa sababu kilikuja na mtu wa upande mmoja. Kama ningeitwa leo, ningekataa kupima kifaa kimoja. Ningeanza usiku, kwa mita kuu na kitaa chekundu, mbele ya watu wote, nikiwa nimeitwa na kikao, na taa za nje ningezipa sabmita yake tangu siku ya kwanza.

Kuhusu tuhuma: nyumba haikutafuta kinachokula umeme, ilitafuta anayekula peke yake. Friji lilikula mara nane ya jiko lakini mlango wake ulikuwa wazi kwa wote. Taa ilikula mara tano lakini iliwamulikia wote. Jiko lilifungiwa ndani, likatoa harufu bila kukaribisha. Huo ndio utamaduni unaotawala swichi katika nyumba za namna hii, na una mantiki yake, ila mantiki hiyo haihesabu uniti. Jiko lilipotoka uani halikubadilika wati hata moja.

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034. Majiko ya presha yanatajwa sana. Sijasikia mtu akizungumzia karatasi zilizobandikwa nyuma ya milango, ambazo katika mitaa ninayofanyia kazi ni nyingi mno. Wala hesabu hii: kaya nne kati ya tano za nyumba ile zilitumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, kiwango cha daraja la matumizi madogo, D1, ambako uniti ilikuwa shilingi 100 kabla ya kodi badala ya 292. Bibi kwa uniti zake 44 za Januari angelipa 5,400 hivi. Alilipa zaidi ya 15,600, kwa sababu mita moja inajumlisha watu wadogo watano ikawaona kama mtu mmoja mkubwa. Unaweza kumfundisha mpangaji kuzima taa mpaka sauti ikauke, hataokoa theluthi mbili ya bili.

Nilipita tena mwishoni mwa Juni kubadili swichi ya choo. Nilifungua friji kuomba maji ya baridi, nikakuta chupa za insulini zimerudi, zimekaa kwenye rafu ya mlango ndani ya kopo la siagi lililoandikwa MZEE. Nikamwuliza Mama Friji siku hizi analipwaje kwa hiyo. Akasonya, akaniambia nifunge mlango wa friji, umeme unatoka.